Maji ya Kunde Hayana Kisanduku

Mama mjamzito alikaa kando yangu, mkoba mapajani. Tulikuwa katika kliniki moja hapa England. Mkunga akasoma swali kwenye kompyuta, nami nikalifasiri kama nilivyolisikia: anauliza asili yako, aandike Mwafrika Mweusi? Mama yule, mtu wa Tanga, alinigeukia kwa mshangao wa mtu aliyetukanwa na ndugu yake.

"Mweusi nani? Mimi maji ya kunde, dada."

Mkalimani haruhusiwi kupunguza wala kuongeza. Ikabidi nimweleze mkunga kwamba neno "mweusi" limekataliwa, na kwamba kwao mama huyu rangi yake ina jina lake, rangi ya maji yaliyochemshiwa kunde. Mkunga aliipitia orodha kutoka juu hadi chini, kisha akatutazama sote wawili. Alikuwa mtu mwema, na nje kulikuwa na wajawazito wengine wanaongoja.

Kwetu sisi, weusi na weupe ni mambo ya nyumba moja. Watoto watatu wa tumbo moja, mmoja mweusi, mmoja mweupe, wa tatu maji ya kunde, na shangazi akiwaeleza kwa mgeni atawatofautisha hivyo hivyo bila mtu kuhisi kwamba ameugawa ukoo. Mtu wa Ulaya hata haitwi mweupe. Ni Mzungu, neno lisilotaja rangi kabisa. Lile neno la Kiingereza kwenye kompyuta, "Black", halikuwa linauliza ngozi. Lilikuwa linauliza mtu yuko upande gani wa historia ndefu ya utumwa, ukoloni na uhamiaji. Mimi nikampelekea mama wa watu swali la ngozi, naye akanijibu la ngozi.

Dakika chache baadaye mkunga alitoa fomu nyingine. England kila mjamzito huulizwa asili ya ukoo wake na ya baba wa mtoto, kwa sababu ya kupima selimundu na thalasemia, magonjwa ya damu yanayorithiwa. Hapo mama yule alifunguka. Baba yake Mdigo, bibi yake upande wa mama alitoka Pemba, na mumewe, aa, mumewe babu yake mzaa mama alikuwa Mgiriki wa mashamba ya mkonge. Mkunga akainua kichwa. Thalasemia ni ya watu wa pwani za Mediterania pia, Wagiriki, Waitalia, Wakipro, watu ambao kwenye fomu ya kwanza wangetiwa alama ya "Mweupe" na habari ikaishia hapo. Katika chumba kile kile, asubuhi ile ile, swali moja lilimkera mgonjwa bila kumfaa, na jingine lilimfaa yeye na mtoto aliye tumboni. Tofauti ni kwamba la pili lilijua linatafuta nini.

Nimefanya ukalimani miaka kumi na mmoja sasa, hospitalini, kwenye ofisi za halmashauri na mabaraza ya rufaa za uhamiaji, katika miji ya katikati ya Uingereza. (Visa ninavyosimulia nimevibadilisha hapa na pale ili wenyewe wasitambulike.) Swali la asili huja karibu kila siku, na kila siku hunikwaza mahali papya. Kwanza, Kiswahili hakina neno moja la kulibeba. Wafasiri wengi huandika "kabila". Nimewahi kupewa karatasi rasmi iliyoandikwa "Ukabila wako ni upi?", na nikaishika mkononi kwa muda nisijue niseme nini, maana ukabila kwetu ni ule ubaguzi wenyewe. Ndio unaokemewa majukwaani. Ndio uliochoma nyumba za watu Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007.

Papa mmoja, ndivyo Wakongo wanavyomwita mzee, kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, alikuja kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Mtu mchangamfu, anasimulia kwa mikono: hapa panachoma, hapa panavuta, nikiinama hivi najuta. Nilipofikia swali la kabila alinyamaza. Ile mikono ikarudi mapajani. Daktari aliacha kuandika. Kimya kilipozidi, yule mzee akaniuliza, kwa Kiswahili cha kwao:

"Mama, kabila yangu inaingia namna gani mu maneno ya mugongo?"

Anayetoka nchi za Maziwa Makuu anajua swali hilo huulizwa wapi. Huulizwa kwenye kizuizi cha barabarani na kijana mwenye silaha. Vitambulisho vya Rwanda vyenye kabila vilianza wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1930, na mwaka 1994 ndivyo vilivyokaguliwa vizuizini kabla ya watu kuuawa. Daktari yule hakuyawaza hayo, na simlaumu. Alisema ni utaratibu tu. Nikafasiri: ni utaratibu. Mzee akasema basi andikeni Mkongomani. Kwenye kompyuta ikaingia Mwafrika Mweusi, na mgongo wake ukatibiwa kama ambavyo ungetibiwa bila swali lile.

Tangu siku hiyo siwezi kusikia mjadala wa majina haya makubwa ya kukusanyia watu bila kumsikia mzee yule. Linaingia namna gani? Hapa, leo, kwa jambo hili, jina hili lina kazi gani?

Kwa miaka mingi jina lililotawala maofisi ya Uingereza lilikuwa BAME, herufi za kwanza za maneno yanayomaanisha Weusi, Waasia na jamii nyingine za wachache. Watu walilitamka kama neno kamili, "bemu". Vijana wengi wa hapa hudhani lote lilibuniwa na makarani. Ukweli ni kwamba wazo la kuwaweka Weusi na Waasia chini ya jina moja lilitoka viwandani na mitaani, na sehemu ya hadithi hiyo inaanzia kwetu, Afrika Mashariki.

Niliijua kwa jirani yangu wa zamani hapa Leicester. Nimwite Mzee wa Jinja, kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Kiswahili chake ni cha dukani na cha shuleni vilivyochanganyika, kizuri, na hukosa tu maneno ya vitu vilivyoanza kutumika baada ya 1972. Agosti mwaka huo Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke. Karibu 28,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije mji huu, kwamba umejaa. Walikuja. Leo wajukuu wao ni madiwani, wafamasia na walimu hapa hapa.

"Kwenye fomu mimi ni Mhindi wa Asia," aliniambia mara moja, tukiwa tumesimama kwenye ua wake. "India nimekwenda mara mbili, zote kama mtalii." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. "Miaka ile ya sabini tulijiita Black, dada. Sisi Wahindi. Tulikuwa..." Akalitafuta neno la Kiswahili, akalisema: "Weusi." Akatikisa kichwa, kwa sababu kwa Kiswahili lilikataa kukaa. Mhindi hawezi kujiita mweusi kwa Kiswahili na akaeleweka. Kwa Kiingereza cha wakati ule, katika kiwanda cha wakati ule, lilieleweka vizuri sana. Lilimaanisha: sisi tuliokataliwa chumba cha kupanga na mwenye nyumba yule yule, tulionyimwa marupurupu na msimamizi yule yule, tuliosimamishwa barabarani na polisi yule yule.

Mei 1974 wafanyakazi Waasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters hapa Leicester, wengi wao wakiwa wametoka Uganda juzi tu, waligoma kwa sababu walikuwa wakibaguliwa katika malipo. Mgomo ulikwenda karibu miezi mitatu, na chama chao cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono. Miaka miwili baadaye, Agosti 1976, ukaanza mgomo wa Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha kaskazini mwa London. Aliyeuongoza alikuwa Jayaben Desai, mwanamke mfupi wa kimo, aliyeishi Tanzania kabla ya kuja Uingereza, akasimama langoni na sari yake, majira yakabadilika naye yupo. Safari hii walikuja watu wengine. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walikataa kupeleka barua za kampuni. Wachimba makaa wa Yorkshire walifika kwa mabasi mwaka 1977. Mgomo ulishindwa, Julai 1978, baada ya karibu miaka miwili. Lakini mfanyakazi mhamiaji hakuonekana tena kama mtu wa kupita tu.

Katika miaka hiyo hiyo wanawake wa asili ya Kiafrika na Kiasia waliunda umoja wao, OWAAD, mwaka 1978. Mwaka 1979, Southall, magharibi mwa London, likaanzishwa shirika la Southall Black Sisters, yaani Dada Weusi wa Southall, na jina hilo linalo hadi leo, ingawa wanawake wengi linaowahudumia wana asili ya Asia Kusini. Afrika Kusini nako Steve Biko na wenzake wa SASO, chama cha wanafunzi, walikuwa wamelitupa lile neno la makaburu, "wasio weupe", jina linalomweleza mtu kwa kile asichokuwa nacho, wakasema Mwafrika, Chotara na Mhindi wote ni Weusi, maana wanakandamizwa na sheria zile zile. Hakuna karani aliyewaita hivyo. Walijiita, na aliyejiita alijua analipia nini.

Hilo ndilo ninaloliheshimu katika jina la pamoja, na naliheshimu kwa dhati. Ila haitoshi kulisifia kisha nikanyamaza, kwa sababu mama yake Mzee wa Jinja hakujiita Mweusi hata siku moja. "Angekupiga," mzee alisema. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanasosholojia Tariq Modood alianza kuandika kwamba jina hilo linawadhuru Waasia, kwa kuwa wengi wao hawajitambui kwalo, na linazificha dini zao, lugha zao na shida zao chini ya siasa ya rangi peke yake. Walimkasirikia. Nadhani alikuwa na haki katika jambo moja kubwa: jina ambalo nusu ya wanaoitwa hawaitiki haliwezi kuendelea kusemwa kwa niaba yao.

Ofisi nazo zilikuwa zimeingia. Sensa ya 1991 ndiyo ya kwanza Uingereza kuuliza asili. Mwaka 2001 ikaongezwa asili mchanganyiko, mwaka 2011 Waarabu, mwaka 2021 Waroma, na sasa England na Wales kuna visanduku 19. Masingasinga walifika hadi mahakamani kudai chao, wakashindwa. Na hapa Leicester sensa ya 2021 ilihesabu Waasia asilimia 43.4 na Weupe asilimia 40.9, lakini bado napewa karatasi za kufasiri zinazowataja Waasia wa mji huu miongoni mwa "jamii za wachache". Wengi wape, wahenga walisema. Hapa hata wengi wenyewe huwajui.

Kisha ikaja korona, na ikanilazimisha nifikiri upya, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba majina haya yote ni ya kutupa. Tulihamia kwenye simu. Nilifasiri nikiwa jikoni, na mara nyingi niliwafasiria watu waliokuwa wakimuaga mtu. Machi 2020 walianza kutangazwa madaktari waliokufa: Adil El Tayar, mpasuaji aliyetoka Sudan, Habib Zaidi, daktari wa familia aliyetoka Pakistan, na wengine. Kumi wa kwanza kutangazwa wote walikuwa wa jamii hizi zinazoitwa za wachache. Ungewatenga kila mmoja na nchi yake, Msudani mmoja, Mpakistani mmoja, Mnigeria mmoja, ungeona misiba ya watu mbalimbali. Ulipowaweka pamoja ndipo ulipoona kuna kitu. Mei, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilionyesha kwamba, umri ukishazingatiwa, hatari ya mwanaume Mweusi wa England na Wales kufa kwa korona ilikuwa mara 4.2 ya mwanaume Mweupe. Walipozingatia pia makazi, kipato na mengineyo, pengo lilishuka hadi mara 1.9. Halikuisha.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hapo BAME ilikuwa mbiu, na ililia kwa haki. Ila mbiu ikishalia, watu wakishakusanyika, lazima mtu asimame aseme jambo lenyewe ni lipi, na hapo ndipo neno lile liliposhindwa. Maana wimbi la pili lilipofika, pengo la Waafrika Weusi lilipungua sana, huku la Wabangladeshi na Wapakistani likibaki wazi. Ukisema "bemu" huwezi kuliona hilo. Nesi wa Kifilipino, dereva wa basi wa Kighana na bibi wa Kibangladeshi anayeishi na vizazi vitatu katika nyumba ya vyumba viwili wana hatari tatu tofauti, na ushauri wa kuwalinda ni wa aina tatu. Shuleni ni vile vile. Watoto wa asili ya Kichina na Kihindi huwapita Waingereza Weupe katika mitihani, wale wa asili ya Karibea hubaki nyuma, na Waroma nyuma zaidi. Ukichukua wastani wa wote unapata mtoto asiyekuwepo.

Kwa hiyo sikuhuzunika neno lilipoondoka. Tume ya serikali iliyoongozwa na Tony Sewell ilipendekeza liachwe, Machi 2021. Desemba mwaka huo BBC, ITV, Channel 4 na Channel 5 walikubaliana kuliepuka, na Machi 2022 serikali ikasema nayo italiacha. Wapo waliolilia, wakihofu kwamba ukiiondoa mbiu unaondoa na sauti, na hofu yao siidharau. Wapo wanaopendelea sasa kusema "jamii zilizo nyingi duniani". Naielewa fahari iliyomo, kwamba ukiitazama dunia nzima sisi si wachache hata kidogo. Lakini nikijiona nimekaa na Papa wa Kivu nikimwambia hivyo, najua atakachouliza.

Wamarekani wana lao, "watu wa rangi", ambalo kwa Kiswahili nashindwa kulisema bila kuwaza kopo na brashi. Nalo lina mwanzo wa heshima. Mwanaharakati Loretta Ross amesimulia jinsi ilivyokuwa Houston mwaka 1977, kwenye mkutano wa taifa wa wanawake: wanawake Weusi walikuja na ajenda yao, wanawake wa jamii nyingine wakaomba kujiunga, na ikabidi watafute jina la kuwabeba wote. Kwake yeye lilikuwa ahadi ya kufanya kazi pamoja. Ahadi hutolewa na watu waliokaa chumba kimoja. Fomu haiwezi kuitoa kwa niaba ya mtu.

Mzee wa Jinja aliniuliza swali siku ile ile pale uani, na sikuwa na jibu. "Na nyinyi? Ismailia, Bohora, Patel, Singasinga, Mgoa, wote mlituita Wahindi. Mlituuliza?" Hatukuwauliza. Mimi mwenyewe nimekua nikisema duka la Mhindi, na mwenye duka alikuwa Bohora ambaye ukoo wake ulikuwa umezaliwa Mombasa vizazi vinne. Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wapo waliokuwa wameomba hivyo kwa muda mrefu, wakafurahi sana. Mzee aliposikia alirudia tu neno lile, "kabila", mara mbili, kama anayeonja.

Na sisi Waswahili, jina letu lenyewe limetoka katika neno la Kiarabu la pwani. Bibi yangu alijiita Mmvita mpaka kufa. Waamu ni Waamu, Wabajuni ni Wabajuni. Uswahili ulitufunika sote, na wengine wetu tukaupenda, nikiwemo mimi.

Mwaka jana nilipelekwa kwa bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, aliyetoka Barawa, kusini mwa Somalia, akakimbilia Kenya vita vilipoanza 1991, kisha akaletwa huku. Faili lake lilisema Msomali. Kwa sababu faili lilisema hivyo, kwa miaka mingi alikuwa akiletewa mkalimani wa Kisomali, ambacho anakijua kidogo tu, na aliitikia kwa adabu asichokielewa, pamoja na maelezo ya dawa zake za sukari. Binti yake ndiye aliyegundua, baada ya kukuta vidonge vya asubuhi na vya jioni vimechanganywa kopo moja.

Nesi akaanza na orodha: Mwafrika Mweusi, Mwarabu, nyingine? Nikaomba ruhusa nilifasiri swali kwa namna yangu. Nikamwambia, shikamoo bibi, wanataka kuandika wewe ni nani ili wakuhudumie vizuri, ungependa wajue nini?

"Mi muntu wa Miini," akasema. Miini ndiyo Barawa, kwa jina wenyewe wanaloipa, na lugha yao, Chimini, ni ndugu ya Kiswahili. Nusu naisikia moja kwa moja, nusu namwomba arudie pole pole. Kisha akaongeza, akimtazama nesi na si mimi, kwamba mkalimani wa Kisomali asiletwe tena.

Kwenye orodha ya lugha Chimini haikuwemo. Nesi alichagua Kiswahili, halafu akaniomba nimwandikie jina sahihi la lugha na la watu kwenye karatasi, ili alinakili katika nafasi ya maelezo. Nikaandika. Bibi akataka nimsomee. Nikasoma.

"Vuta," akasema. "Mi-i-ni. Ziwe mbili."

Nikaichukua kalamu nikaongeza i.